Meya na Kaburi la Watu Watatu

Nilikosea kusoma jina kwenye ukuta wa uwanja wa ndege.

Ilikuwa asubuhi na mapema, macho yamevimba kwa safari, nasubiri begi ambalo, kama desturi ya mabegi yangu, lilikuwa limeamua kutoka la mwisho. Nikainua macho. Stuttgart. Na hapo hapo: Manfred Rommel. Ila "Manfred" sikuliona. Niliona Rommel, na kwa yeyote aliyepita darasa la historia Rommel ni mmoja tu, jemadari wa Hitler, Mbweha wa Jangwani, yule aliyewatoa Waingereza jasho kutoka Libya mpaka ndani ya Misri.

Wamempa uwanja wa ndege?

Dada yangu alikuwa ananisubiri nje na tumbo lake la miezi tisa. Shikamoo haijapoa mdomoni nikamwuliza. Akacheka huku ameshika kiuno.

"Acha ushamba. Huyo ni mtoto wake. Alikuwa meya wa hapa."

"Meya tu?"

"Meya tu."

Nilikuwa nimekwenda kumsaidia uzazi. Nilikaa karibu miezi miwili, nikipika uji wa pilipili manga, nikibembeleza mtoto usiku, na katikati ya hayo nikisoma habari za huyo "meya tu" kwenye simu, mkono mmoja, mwangaza umepunguzwa ili mchanga asiamke. Nimesharudi nyumbani. Uji umekwisha. Yule mtu hajaniachia.

## Meya wa kwao

Niseme kwanza jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake, huvaa joho na mkufu, lakini mafaili na funguo ziko kwa mkurugenzi, na mkurugenzi huteuliwa na Rais. Kule Baden-Württemberg, jimbo la Stuttgart, meya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, kwa miaka 8. Yeye ndiye mwenyekiti wa baraza la madiwani, kura anayo, na yeye ndiye bosi wa watumishi wote wa mji. Ukikanyaga shimo barabarani, jina la kulaani ni moja.

Manfred Rommel alizaliwa Stuttgart mkesha wa Krismasi, 1928. Alisoma sheria Tübingen, akaingia utumishi wa serikali ya jimbo, akawa karibu na waziri mkuu wa jimbo Hans Filbinger, kisha mwaka 1972 akapelekwa wizara ya fedha akiwa katibu. Ukifika hapa kwenye wasifu wake unapiga miayo. Mtu wa bajeti. Mtu wa CDU, chama cha wahafidhina.

Agosti 1974 akafa Arnulf Klett, meya ambaye Wafaransa walimweka madarakani mwaka 1945 mji ukiwa kifusi, naye akakaa kwenye kiti hicho mpaka pumzi ya mwisho. Tarehe 1 Desemba 1974 Rommel akamshinda Peter Conradi wa SPD, chama cha mrengo wa kushoto, kwa asilimia 58.9. Akakaa mpaka 1996. Yaani tangu vita iishe mpaka nilipokuwa shule ya msingi, Stuttgart ilikuwa na mameya wawili tu.

Haya nilimsomea dada kwa sauti. Akalala.

## Wiki za Oktoba

Halafu nikafika 1977.

Mwaka huo Ujerumani Magharibi ilikuwa na homa. Kundi la RAF, vijana waliochukua bunduki kwa jina la mapinduzi, lilikuwa limeshamwua mwendesha mashtaka mkuu wa nchi na mkuu wa benki kubwa. Tarehe 5 Septemba wakamteka Hanns Martin Schleyer, mkuu wa chama cha waajiri, mtu wa bodi ya Daimler-Benz, aliyewahi kuwa ofisa wa SS, kikosi cha Hitler. Dereva wake na polisi watatu wakauawa papo hapo. Watekaji walitaka wenzao waachiwe kutoka gereza la Stammheim.

Stammheim ni mtaa wa Stuttgart.

Tarehe 13 Oktoba ikatekwa ndege ya Lufthansa, ile Landshut, kwa madai yale yale. Ikatangatanga siku tano: Roma, Larnaca, Bahrain, Dubai, Aden. Aden rubani akauawa. Ikaishia Mogadishu. Hapo nilisimamisha kidole kwenye simu. Kumbe homa ile ya Wajerumani ilikuja kupasuka huku kwetu, kwenye pwani ileile ya Barawa ambako wazee wanazungumza Chimwini, Kiswahili chao. Usiku wa kuamkia tarehe 18 makomando wa Kijerumani waliivamia ndege, mateka 86 wakatoka hai.

Asubuhi hiyo hiyo, Stammheim, wafungwa wa RAF Andreas Baader na Jan-Carl Raspe walikutwa wamepigwa risasi na mwenzao Gudrun Ensslin amenyongeka. Serikali ikatangaza kwamba wamejiua. Kesho yake maiti ya Schleyer ikaonekana kwenye buti la gari mjini Mulhouse, Ufaransa.

Tarehe 25 wakubwa wote wa nchi walikuwa Stuttgart kumuaga Schleyer. Na katika mji huo huo, mahali fulani penye baridi, maiti tatu zilikuwa zinasubiri.

Baba yake Ensslin alikuwa mchungaji. Familia iliomba watatu hao wazikwe pamoja, kaburi moja, Stuttgart.

Mji ukawaka. Wapo waliosema wasizikwe kabisa kwenye ardhi ya mji huu. Wapo waliosema kaburi hilo litakuwa mahali pa kuhiji. Ndani ya chama chake mwenyewe Rommel walimtaka akatae. Na wapo waliosema juu ya maiti hizo maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nilipofika kwenye maneno hayo nilizima simu. Nilishawahi kuyasikia, na si kwa Kijerumani.

Makaburi ni mali ya mji, na mji una meya. Rommel akasema, kwa ufupi, kwamba hakubali kuwe na makaburi ya daraja la kwanza na makaburi ya daraja la pili. Akasema uadui lazima uishie mahali, na kwake yeye unaishia kwenye kifo.

Tarehe 27 Oktoba 1977 wakazikwa makaburi ya Dornhalden, kaburi moja, polisi kila upande.

Ndiyo hivyo tu. Hakuwasifu. Hakuwatetea. Alitoa futi chache za udongo wa manispaa.

## Tarehe 18

Kuna jambo ambalo wasomaji wa mwanzo wa makala hii watakuwa wameshalinusa, kwa sababu ya lile jina.

Tarehe 14 Oktoba 1944, Manfred akiwa na miaka 15, alifika nyumbani Herrlingen, karibu na Ulm, kwa likizo fupi. Alikuwa ameshavalishwa sare, amepangwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege kama vijana wengi wa umri wake. Siku hiyo wakaja majenerali wawili kutoka kwa Hitler, Burgdorf na Maisel. Baba yake alihusishwa na njama ya Julai ya kumwua Hitler. Wakampa kuchagua: mahakama, na familia ionje yake, au sumu, na familia iachwe.

Baba akapanda ghorofani kumuaga mke. Kisha akamwita mwanawe, akamweleza kwamba baada ya robo saa atakuwa amekufa. Akavaa koti, akatoka, akaingia kwenye gari la wageni.

Taifa liliambiwa kwamba shujaa amekufa kwa majeraha ya vitani. Tarehe 18 Oktoba serikali iliyomwua ikamzika kwa heshima zote mjini Ulm, na jemadari mzee von Rundstedt akasimama kusoma hotuba kwamba moyo wa marehemu ulikuwa wa Führer, yaani Hitler. Kijana alisimama pale, anajua, amenyamaza.

Tarehe 18 Oktoba 1944. Tarehe 18 Oktoba 1977.

Miaka 33 kamili. Nilihesabu mara mbili, nikamwamsha dada.

Sitaki kumsingizia Rommel mawazo. Huenda hakuitazama kalenda hata kidogo. Meya wa mji uliojaa polisi ana mengine ya kutazama. Lakini mimi siwezi tena kusoma habari ya Dornhalden bila kumwona yule kijana wa Ulm. Alijua tangu udogoni kwamba serikali inaweza kumfanyia maiti lolote inalotaka: kumvika maua, kumtilia maneno mdomoni, kumgeuza bango. Alimwona baba yake akizikwa kwa uongo uliopambwa vizuri. Miaka 33 baadaye akaletewa maiti tatu, umati unataka ziwe bango la aina nyingine, na yeye akazifanya ziwe maiti.

Huyo baba, nikumbushe, hakuwa malaika. Alimtumikia Hitler kwa miaka na akapanda cheo kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto alibeba jina hilo maisha yake yote bila kulibadilisha na bila kulipigia goti. Mwaka 1979, chini ya uongozi wake, Stuttgart ikaungana udugu na Cairo. Baba aliutafuta mji huo kwa vifaru akakwama El Alamein. Mwana akaupata kwa barua na mihuri. Akafanya urafiki pia na mtoto wa Montgomery, jemadari aliyemshinda baba yake. Wajukuu wa vita wana mambo.

## Dada anahesabu kwa vidole

Ikabidi mtu anitie maji.

Dada ana miaka mingi Ujerumani, anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na ameshazoea kuona watu wakubwa bila nguo. Hashtushwi na sanamu. Aliniacha nimalize hotuba yangu yote juu ya Dornhalden, mtoto akinyonya, halafu akanyoosha vidole.

"Alichaguliwa lini?"

"1974."

"Kwa miaka mingapi?"

"Nane."

"Kwa hiyo uchaguzi unaofuata?"

"1982."

"Na mazishi?"

Nikanyamaza.

"Miaka mitano ya kusahauliwa," akasema. "Hata mimi ningekuwa jasiri."

Nilikasirika, na nilipokasirika nikajua kwamba amenipata. Kwa siku kadhaa sikusoma chochote. Maana hesabu yake ilikuwa safi. Mtu wa bajeti, mwanasheria, anayeujua mfumo wa jimbo lake mpaka kwenye nukta, asingeshindwa kuhesabu miaka mitano. Na mwaka 1982 alichaguliwa tena kwa asilimia 69.8. Stuttgart ilikuwa imesamehe, au imesahau, au ilikuwa inafikiria treni.

Kwa sababu treni zilikuwepo. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya umeya na ndiyo isiyo na mvuto wa kusimulia. Miaka yake ndiyo treni za mjini za S-Bahn zilianza, 1978, na tramu za zamani zikaanza kugeuzwa kuwa reli ya kisasa. Mwaka 1983 ukafunguliwa ukumbi mkubwa wa michezo na muziki, ukapewa jina la Hanns Martin Schleyer. Soma hilo polepole: mji mmoja, meya mmoja, ukumbi wenye jina la aliyeuawa, na kaburi la wale ambao kwa ajili yao aliuawa.

Na Wakenya, hata bila kujua, mnaijua Stuttgart ya Rommel. Ni pale, Agosti 1993, kwenye mashindano ya dunia ya riadha, Moses Tanui alipokanyagwa kiatu na Haile Gebrselassie kwenye mbio za mita 10,000, akakitupa, akamaliza na kiatu kimoja, akapata medali ya fedha. Washindi walipewa Mercedes. Tanui alikosa gari kwa kiatu. Wazee wa Eldoret wanaweza kukusimulia mzunguko ule wa mwisho kwa mikono.

Mengine hayakumwendea vizuri. Aprili 1994 alikuwa miongoni mwa waliotangaza Stuttgart 21, mradi wa kuzamisha kituo kikuu cha treni chini ya ardhi. Baadaye mradi huo uliugawa mji kiasi cha polisi kuwamwagia waandamanaji maji ya shinikizo mwaka 2010, na gharama zimepanda mara kadhaa tangu siku ile ya tabasamu na ramani. Dada hupita hapo kwenda kazini, kila mara kupitia njia mpya ya mbao na mabati. Ukimtajia Rommel akiwa hapo, hutapata sifa.

Kwa hiyo nilikuwa karibu kufunga faili. Meya mzuri, mwenye bahati ya kalenda.

## Daraja la Gaisburg

Kisha nikakutana na tarehe 8 Agosti 1989.

Asubuhi hiyo mwanamume mmoja Mwafrika, mwomba hifadhi, alikuwa ndani ya tramu. Ukatokea ugomvi juu ya tiketi, akampiga mkaguzi, akakimbia. Polisi wakamtafuta. Walipompata kwenye daraja la Gaisburg akatoa kisu cha bunduki akawachoma polisi watano. Wawili wakafa. Yeye akapigwa risasi, akafa.

Unajua kilichofuata. Usiniambie hukijui, umeishi mahali fulani duniani, umewahi kuwa mgeni au umewahi kuwa na wageni. Siku moja mtu mmoja anafanya jambo baya, na kesho yake kila anayefanana naye anashuka kwenye basi kabla ya kituo chake.

Rommel akasema hadharani kwamba mwuaji angeweza pia kuwa Mswabia.

Waswabia ndio wenyeji wa eneo hilo, watu wa kubana matumizi na kufagia ngazi, na Rommel mwenyewe alikuwa Mswabia wa lafudhi nzito, anayefanya utani kwa lahaja yao. Polisi wawili wako mochwari, na meya anasema angeweza kuwa mmoja wetu. Barua za matusi zilimiminika.

Nikachukua vidole vya dada, nikavihesabu mimi.

"Uchaguzi uliofuata?"

Akafikiri. "1990."

Mwaka mmoja tu. Hapakuwa na miaka mitano ya kujificha. Alikwenda kwenye sanduku la kura huku sentensi ile ingali moto, na akapata asilimia 71.7, ushindi wake mkubwa kuliko yote.

Dada hakusema "umenishinda". Hasemi hivyo. Alimgeuza mtoto upande wa pili, akakaa kimya, halafu akasema kwamba alipofika Ujerumani watu wengine weusi walimfundisha mambo mawili siku ya kwanza: namna ya kutenganisha takataka, na kutembea na tiketi mkononi, si mfukoni. Mkononi. La pili hakuwahi kuuliza lilianza lini.

Miaka mitatu tu baada ya daraja lile, Mölln, nyumba za familia za Kituruki zilitiwa moto. Mwaka uliofuata, Solingen. Nisidai kwamba sentensi moja ya meya inazima kiberiti. Stuttgart ilikuwa na viwanda, kazi zilikuwepo, Waitaliano na Wagiriki na Wayugoslavia na Waturuki walikuwa wameshakuwa sehemu ya mitambo ya mji. Sababu ni nyingi.

Na bado sentensi yenyewe ina tundu. Iliwakinga walio hai, sawa. Haikuuliza kwa nini ugomvi wa tiketi uliishia kwenye maiti tatu. Kwa Baader na wenzake kila Mjerumani aliyesoma ana maktaba nzima ya maelezo: wazazi wao, vita, chuo kikuu, Vietnam. Yule wa darajani ana maelezo machache sana. Hilo simlaumu Rommel peke yake. Ila nimeliona.

## Treni ya kamba

Siku chache kabla ya kuondoka nilitaka kwenda Dornhalden. Niliomba nimchukue mtoto apate hewa. Dada alinitazama kama nimechanganyikiwa.

"Hajatoka arobaini, unampeleka makaburini?"

Nikaenda peke yangu. Kutoka Südheimer Platz kuna kitreni cha mbao kinachovutwa kwa kamba kupanda kilima mpaka makaburi ya msituni, kimekuwepo tangu 1929. Wenyeji wana jina la utani kwa kitreni hicho, kitu kama "ekspresi ya wanaonyemelea urithi", kwa ajili ya wajane na watarajiwa wao wanaopanda nacho. Safari yenyewe haifiki hata nusu ya maongezi. Juu unatembea kati ya miti mpaka Dornhalden, mahali palipokuwa uwanja wa kulengea shabaha kabla ya kufanywa makaburi.

Nilitegemea kitu. Sijui nini. Kaburi lilikuwa dogo kuliko ubishi wake.

Mama mmoja alikuwa anamwagilia maua jirani na hapo kwa ndoo ya kijani, kwenye kaburi la mtu wake. Aliniona nimesimama mbele ya majina yale matatu. Akanisalimia kwa lahaja, nikaitikia kwa lahaja yangu mbovu, akaendelea kumwagilia. Lile kaburi la kuhiji ambalo mji mzima uliliogopa ni jirani tu wa marehemu wake. Majani yanaangukia yote mawili.

Rommel mwenyewe alifariki tarehe 7 Novemba 2013, baada ya miaka ya kusumbuliwa na Parkinson. Mwaka uliofuata uwanja wa ndege ukapewa jina lake. Kulikuwa na ubishi, na moja ya hoja ni kwamba wageni watadhani ni baba. Nimesimama pale kwenye mabegi. Walikuwa na haki ya kuogopa.

## Daftari

Nilisema maneno yale juu ya maiti nilishawahi kuyasikia.

Nilikuwa darasa la sita. Mtaani kwetu kijana mmoja alikamatwa alfajiri kwa tuhuma ya kuiba redio na kuku, na kufikia saa tatu asubuhi alikuwa amekufa. Matairi mawili. Simtaji, mama yake bado yu hai. Mwili ukarudishwa nyumbani kwao, na msiba ule haukuwa na watu. Turubai halikufungwa. Sufuria hazikuazimwa. Wanaume ambao hawakosi kwenye jeneza hata la mtu wasiyemjua, siku hiyo wote walikuwa na safari.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee mfupi, fundi viatu, mwenye gundi kwenye kucha. Ofisi yake ilikuwa kiti cha plastiki. Mshahara hakuwa nao. Sijui alisoma mpaka wapi. Jioni ile alipita mlango kwa mlango na daftari la rambirambi, lilelile alilopita nalo kwa misiba yote, na nilimsikia akifokewa nyumba ya pili kutoka kwetu. Mlango wa tatu haukufunguliwa, na taa ilikuwa inawaka. Kwa siku zile ubalozi wa nyumba kumi ulikuwa jambo la chama na la majirani kwa pamoja, na majirani ndio hao waliokuwa wanamfokea.

Akafika kwetu. Akasema tu, "Mama fulani, kuna msiba."

Mama akaingia ndani. Akafungua fundo la khanga, akatoka na shilingi mia tano, ambayo kwa wakati ule ilikuwa nyama ya siku. Balozi akapokea kwa mikono miwili, akaliweka daftari kwenye goti, akailamba ncha ya kalamu.

"Usiandike jina," mama akasema.

Mzee akamtazama. Akaandika 500, na upande wa majina akaacha wazi.